Rada Isiyo na Mdhamini

Sheria ya vituo vya redio na rada vya baharini naijua karibu yote kwa moyo. Sisemi hivi kwa kujisifu. Nasema kwa hasira, kwa sababu aliyenitahini hakuijua hata nusu, na muhuri ulikuwa mkononi mwake.

Hakuna aliyenifundisha. Nimezaliwa Chula, kisiwa kimoja kusini mwa Kismayo. Madrasa nilihitimu, shule iliniishia njiani, mwalimu alipoondoka na asiletwe mwingine. Vitabu vya redio nilivipakua kwenye simu kila nilipokwenda Kismayo, nikikaa kibarazani mwa duka lenye mtandao mpaka mwenye duka anikunjie uso. Nyumbani nilivisoma nikiwa nimelala kifudifudi kwenye mkeka wa mama, neno kwa neno. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikikuta mstari nisioufahamu, chakula hakinipiti. Nikiandika ukurasa ukatoka na kosa moja, siufuti, nauchana. Watu huniambia huo ni ugonjwa. Huenda. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba ukifanya kila kitu sawasawa bado utakataliwa, na kwa upole.

Chanzo cha yote ni ndugu yangu mkubwa. Meli ya kukokota nyavu iliingia upande wa ndani wa mwamba wa matumbawe, mahali meli haina ruhusa ya kuingia, ikapita juu ya mashua yake kama mtu anayekanyaga kifuu cha nazi. Yeye na mwenzake walishikilia madumu ya maji mpaka wakaokotwa. Wa tatu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, hakuonekana tena. Meli haikusimama. Ilikuwa na rada juu ya paa lake, tena rada nzuri, yenye karatasi zake zote. Nimeuliza, nikajibiwa hivyo: karatasi zake zote.

Binamu yangu anafanya kazi Mombasa ya kuvunjavunja maboti ya kitalii yaliyochakaa. Nilimsumbua kwa simu mpaka akanipelekea rada moja kwa jahazi la mizigo, na redio yake ya upepo, ya kusemea na zile ndogo wanazobeba wavuvi wetu mashuani. Ni kuba jeupe, pana kama sinia la kulia watu sita. Nikaliweka juu ya paa la mama, nikaliunganisha na betri za gari na paneli ya jua, nikavuta nyaya, nikazikaza, nikazikagua, nikazifungua, nikazikaza upya. Kisha sikuiwasha.

Sikuiwasha kwa sababu sheria inasema kituo hakirushi mawimbi kabla ya kupata leseni, na mtu akishikwa na rada bila leseni pwani hii anaweza kuitwa jasusi. Ndugu yangu, ambaye alikuwa amesharudi baharini kwa mashua ya kuazima, alipita chini ya paa kila siku akilitazama lile kuba.

"Umejenga tanuri," aliniambia, "sasa unaomba ruhusa ya moto."

Nikaenda Kismayo kuomba ruhusa ya moto. Shati nililipiga pasi mara mbili.

Afisa alikuwa kijana wa rika langu, amesoma ng'ambo, mpole, na upole wake ndio unaonichoma mpaka leo. Aliniuliza masafa ya dharura, nikamtajia, nikamwongezea na yale ya zamani yaliyoachwa. Aliniuliza nguvu ya rada yangu, upana wa mwale wake, urefu wa nguzo. Mahali pawili alikosea, nikamsahihisha, kisha nikaomba radhi kwa kumsahihisha. Akacheka, akasema hajawahi kuona mtu aliyejiandaa hivi. Akaweka kalamu mezani.

"Na mdhamini wako ni nani, walaal?" aliuliza, akiniita ndugu kwa Kisomali.

Kwa asiyepajua kwetu: Kismayo huwezi kupata jambo kubwa bila mdhamini, mtu mwenye watu nyuma yake, ukikosea wao ndio watakaoulizwa. Hilo si lazima liwe limeandikwa popote. Sisi Wabajuni ni watu wa visiwani, wachache, hatuna bunduki wala hatuhesabiwi katika hesabu hizo. Nilijua. Lakini nilidhani nikijibu maswali yote bila kosa, hilo halitaulizwa.

Nikamwambia, najidhamini mwenyewe. Akasema mimi ameshaniona, anataka kuona aliye nyuma yangu. Nikamtajia mzee wa mji wa Chula, na imamu wetu.

"Na hao," aliuliza taratibu, "wanadhaminiwa na nani?"

Hakuwa akinidhihaki. Alitaka jibu kwelikweli. Nikamuuliza, na ile meli iliyoua mtu, mdhamini wake nani? Akasema meli ina wakala. Akanionyesha dirishani nyumba ya wakala, ghorofa yenye bati la buluu, akanishauri niende huko huko, ni mtu mwema, atanisaidia.

Nikaenda. Hapa najiona aibu, lakini nilikwenda, na njiani nilikuwa napanga maneno.

Yule wakala ni mfanyabiashara, amenunua kamba wetu tangu enzi za baba. Alinikaribisha kwa kahawa na halua, akaniuliza hali ya mama, akamrehemu baba. Kabla sijamaliza maelezo akasema atanidhamini. Nikamshukuru. Kisha akaeleza: leseni itatoka kwa jina lake, mimi nitakuwa mwendeshaji, betri mpya juu yake.

"Meli zetu ukiziona, mwanangu, nipigie mimi kwanza. Usikurupuke kusema redioni ukawatia watu hofu."

"Kwanza, kabla ya ndugu yangu?"

"Ndugu yako atasikia kutoka kwangu."

Alisema hivyo huku akinisogezea sahani ya halua. Na mimi, nakiri, niliitazama kalamu iliyokuwa mezani pake. Niliitaka karatasi. Miaka yangu yote ya kulala juu ya mkeka na simu yenye kioo kilichopasuka, niliitaka karatasi moja yenye muhuri, hata kama jina ni la mtu mwingine. Nilisema nitashauriana na mama, nikatoka, na mate yalikuwa na ladha ya iliki nikayatema barabarani.

Nyumbani ndugu yangu alisema nitie sahihi. Hakusita.

"Mimi ndiye ninayekwenda. Andika jina la yeyote, hata la ibilisi, mradi uniambie meli iko wapi."

"Nitakuambia baada yao."

"Baada ya nani?"

"Baada ya wenye meli."

Mama alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. Alisema kama ni hivyo basi kituo si chetu, ni chao, kimepanga tu juu ya paa lake bila kodi. Ndugu yangu akamjibu kwa adabu, lakini akamjibu: na kikikaa bila kuwashwa, mama, ni cha nani? Niliondoka nikaenda kukagua nyaya zilizokwisha kukaguliwa.

Siku chache baadaye alitoka alfajiri kwenda penye mlango wa kusini wa mwamba, upande wa ndani, kutega jarife, wavu mkubwa wa papa. Asubuhi mvua ya kusi ikafunga. Ukisimama ufukweni huoni hata mashua zilizofungwa kamba mbele yako. Mama aliingia jikoni, akatoka, akaingia tena. Nikapanda, nikaiwasha.

Kioo cha rada kilijaa vidoa vya mvua. Nikavipunguza kama vitabu vilivyonifunza, mpaka mwamba ukajitokeza, na kisiwa, na bara. Na hapo, ndani ya mwamba, doa moja nene linalosogea. Ndugu yangu simwoni. Rada haiuoni ubao mdogo katika mawimbi. Chuma ndicho kinachoonekana. Nilijua alipotega kwa sababu aliniambia, na doa lilikuwa likielekea pale pale.

Nikashika redio na mdomo ukakwama. Utaratibu ni kuanza kwa alama ya wito, jina la kituo chako redioni. Alama hutolewa na ofisi pamoja na leseni. Mimi sina. Nilikaa na kidole juu ya kitufe, mtu mzima, natafuta neno la kwanza lililo halali, na doa linakwenda. Kisha nikasema tu, kwa lugha ya nyumbani, kwamba anayesema ni mchu wechu, mtu wetu, wa Chula, meli imeingia kutoka kusini, kateni jarife mrudi juu ya mawe, penye maji haba, ambapo haiwezi kufuata. Nikarudia. Nikarudia.

Walirudi wote, na nusu ya jarife. Ndugu yangu aliingia uani akichuruzika maji, akanikemea kwamba nimetoa hutuba ya Ijumaa. "Sema meli, sema wapi, nyamaza. Tunavuta kamba sisi." Mama alicheka mpaka akakaa chini. Ndugu yangu hakucheka, alikunywa maji, akanyoosha kikombe aongezewe.

Kesho yake afisa alipiga simu. Nahodha wa meli amelalamika, kupitia kwa wakala, kwamba kituo kisicho na leseni kinavuruga masafa ya usalama. Meli ile ile ndiyo iliyonishtaki mimi. Nilimuuliza kama nahodha ameeleza alikuwa akifanya nini ndani ya mwamba. Alisema, kwa sauti yake ile laini, hilo ni suala la ofisi nyingine. Nije Jumamosi, nije na kifaa.

Nimeandika haya bila kuchana ukurasa, na najua yana makosa. Jumamosi siendi. Jumamosi ndugu yangu atakuwa penye mlango wa kusini pamoja na mashua nyingine za Chula, na lazima mtu akae mbele ya kioo.