Vitabu Vilivyopuliziwa Salfa

Kwetu mwezi wa sita ukiingia, usimuulize mtu habari za mpira wala za siasa. Muulize habari za salfa. Mikorosho inatoa maua, ugonjwa wa ubwiri unga nao unayanyemelea, na kila mwenye shamba, kuanzia Lupaso mpaka Tandahimba, anahangaika na salfa na mashine ya kupulizia. Unga ule wa manjano unaingia puani, unaingia kwenye nguo, unaingia mpaka kwenye uji. Mimi ni mwalimu mstaafu, shamba langu liko Chilangala, na nikishaanza kupulizia sitaki kusumbuliwa hata na askofu.

Ndiyo maana mama mkubwa aliponipigia simu asubuhi ile nilimjibu kwa harakaharaka. Mama mkubwa ni dada wa mama yangu, ndiye aliyenilea, na anakaa Masasi mjini, jirani kabisa na kanisa. Tulipomaliza shikamoo na marahaba akaniuliza, eti mtu akipulizia salfa asimame upande gani wa upepo?

"Upepo uwe mgongoni," nikamwambia. "Na usirushe juujuu. Ingiza ndani kabisa."

"Na hiyo mashine niitie nguvu kiasi gani?"

"Ya mwisho, mama mkubwa! Salfa haibaniwi!"

Nikakata simu. Ana mikorosho yake michache nyuma ya nyumba, nikadhani mwaka huu ameamua kuihudumia mwenyewe. Tena nikamsifu moyoni, mwanamke wa umri ule, kubeba mashine mgongoni! Sikujua kwamba mashine ile ilikuwa safarini kwenda kanisani.

Hapa sina budi kueleza habari za stoo. Nyuma ya kanisa letu kuna kijumba cha mawe, na ndani yake kuna kabati la vitabu walivyoacha wamisionari wa zamani. Wale wazee, wakimaliza sala, walikuwa wanaingia porini na nyavu. Waliwachora ndege wetu, wanyama wetu, miti yetu, hata mende wetu, wakachapisha vitabu vikubwa vyenye majalada ya ngozi. Kisha wakaenda zao, vitabu vikabaki. Padri wa mwisho kuondoka alimkabidhi mama mkubwa ufunguo, akamwambia vitabu vile visiguswe ovyo. Basi! Neno la padri, kwa mama mkubwa, ni amri ya kumi na moja. Hakuvigusa. Alivifungia, akavilinda, na siku zote alijua moyoni mwake kuwa ni vitabu vya sala.

Parokia nzima inamwita Mama Stoo. Watoto wanamwamkia kwa jina hilo, kanisani ana kiti chake mbele, na ufunguo anaufunga kwenye pindo la kanga. Mume wake ameshatangulia mbele ya haki, watoto wake wako mbali na maisha yao. Ufunguo ule ndio uliokuwa unamwinua kitandani asubuhi.

Mwenyekiti wa wazee wa kanisa naye alikuwa anautaka. Sisemi kwamba ni mtu mbaya. Mwenyekiti ni mtu mwema sana akiwa amelala. Alitaka pa kuwekea viti vya plastiki na maturubai ya harusi, na kwa kuwa hakuweza kusema hivyo hadharani, akawa anasema Mama Stoo amezeeka, vitabu vya watu vinamharibikia mikononi.

Mambo yakiwa hivyo, ikaja barua kutoka maktaba moja ya mbali. Walikuwa wanataka vitabu vyote vya kale vya viumbe na mimea vipigwe picha ukurasa kwa ukurasa, viingizwe kwenye kompyuta, watafiti popote walipo wavisome. Wanataka wajue zamani huku juu kwetu uwandani kulikuwa na viumbe gani, halafu walinganishe na waliopo leo, ambapo kila kichaka kimegeuka mikorosho. Kanisa likakubali, na mimi nikateuliwa kusimamia kazi kwa sababu nilikuwa nafundisha sayansi. Mwenyekiti akapata upenyo. Akasimama mbele ya waumini akatamka kwamba kurasa za majaribio zikipokelewa vizuri, Mama Stoo atabaki na ufunguo wake. Zikionekana zimeharibika, ufunguo utarudi kwa wazee wa kanisa.

Mama mkubwa alikonda. Sisemi kwa kupamba, kanga ilimpwaya.

Fundi wa picha alitoka Dar es Salaam akafika Masasi mimi bado niko shambani. Mwanaume wa makamo, mpole, mwenye miwani na adabu zake, amekuja na skana kwenye sanduku analolibeba kama mtoto mchanga. Hakunisubiri. Mama mkubwa akamfungulia mlango, yeye akaanza kazi, na kurasa za kwanza akazituma siku hiyohiyo.

Niliporudi kutoka Chilangala nilimkuta fundi nje ya stoo, macho mekundu, anapiga chafya.

"Shikamoo Mwalimu," akasema. "Masasi mna vumbi, jamani!"

"Marahaba. Vumbi la rangi gani?"

Sikungoja jibu. Nikaingia, na harufu ikanipokea mlangoni. Loo! Kabati la manjano, meza ya manjano, sakafu ya manjano, hata msalaba uliokuwa ukutani ulikuwa umepata dozi yake. Nikatoka mbio mpaka kwa mama mkubwa, ambaye alikuwa amekaa kwenye kigoda chake anachambua mchicha.

"Mama mkubwa, umepulizia vitabu?"

"Nimepulizia," akanijibu kwa fahari zake zote. "Si wewe ndiye uliyenielekeza? Nguvu ya mwisho, ukasema. Miaka yote naweka kidogo tu kwa mkono, juu ya kabati, na mchwa hawajawahi kukanyaga humo. Safari hii wageni wanakuja, nikasema hapana, wapate dawa ya kutosha. Upepo wa mashine ukavifungua vyenyewe. Mimi nikafumba macho, sikusoma kitu."

Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, nilitaka kumgombeza mtu. Mkubwa wangu hagombezwi, nikamrudia fundi.

"Na wewe na miwani yako, hukuona manjano?"

"Niliona, Mwalimu. Vitabu vya kale hugeuka manjano. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Hugeuka mpaka manjano yanapeperuka?"

Akaifuta miwani. Akapiga chafya.

Majibu kutoka maktaba yakaja kwenye kompyuta ya fundi, na kwa bahati yetu mbaya yakaja mwenyekiti akiwa amesimama pale, amekuja kupima ukuta kwa macho aone viti vitakaa vingapi. Fundi, mtu mkweli kupita kiasi, akatusomea kwa sauti. Mtaalamu wao wa ndege alikuwa ameshukuru sana, ila alikuwa na maswali. Maandishi yanasema ndege huyu ana tumbo jeupe, mbona pichani lina manjano? Mjusi naye mbona ana manjano? Na popo? Je, inawezekana wachoraji wa Masasi walikuwa na desturi ya kupaka rangi hiyo kwa sababu ya imani fulani? Kulikuwa pia na picha ya padri mmoja ameshika wavu, ndevu zake za manjano. Kuhusu huyo hakuwa na swali.

Mwenyekiti hakucheka. Alisema tu kwamba Jumapili, baada ya ibada, wazee watakaa.

Nilipandwa na hasira hiyo! Nikamwambia fundi aandike haraka, amwombe mtaalamu avumilie, tunasafisha na kurudia upya. Kisha nikamfuata mama mkubwa, maana nilijua kazi ile haiwezekani bila mikono ya kutosha, na nilijua vilevile atakachosema. Alikisema.

"Padri aliagiza visiguswe."

"Aliagiza visiguswe ovyo, mama mkubwa. Sisi hatugusi ovyo. Tutagusa kwa unyoya."

Akafikiri. Akaingia ndani, akatoka na manyoya ya kuku aliyekuwa amechinjwa Pasaka.

Tukakaa barazani kwake watatu, vitambaa vimetufunga pua, kila mmoja na kitabu chake na unyoya wake, tunapangusa ukurasa kwa ukurasa. Mama mkubwa alianza kwa kufanya ishara ya msalaba. Akafunua jalada. Akapangusa kidogo, akainama, akapangusa tena.

"Huyu si ndezi?"

"Ni ndezi."

"Ndezi anafanya nini kwenye kitabu cha sala?"

Nikamweleza. Nilimweleza taratibu, nikiogopa, kwamba vile si vitabu vya sala na havijawahi kuwa. Ni vitabu vya wanyama. Akanitazama, akamtazama ndezi. Akafunua ukurasa mwingine, akakuta njiwa. Akafunua mwingine, akakuta kumbikumbi wametandaza mabawa.

"Mimi nikipita mbele ya kabati hili napiga goti," akasema. "Kila siku ya Mungu. Kumbe nampigia goti ndezi!"

Akacheka. Mama mkubwa akicheka hana haraka, anaanzia tumboni. Alicheka mpaka mchicha uliokuwa pembeni yake ukamwagika, akaniambukiza mimi, nikamwambukiza fundi, salfa ikatimka tukaishia kukohoa wote. Kuanzia hapo hakuna aliyemzuia. Kila aliyemfunua alimtolea taarifa.

"Huyu nimemla. Huyu nimemla. Huyu hanifai, ana uchungu. Aa, njule huyu na pua yake ndefu! Marehemu alikuwa anawapenda, wa kuchoma."

"Bibi, huyo si panya?" fundi akauliza, unyoya umesimama hewani.

"Panya wa porini, baba. Wa ndani nani anakula?"

Fundi akasema ahsante, ameshashiba, ingawa hakuna aliyekuwa amemkaribisha.

Sijui kama nimewahi kufurahi kazini kama siku zile. Darasani niliwafundisha watoto wa watu makundi ya wanyama nikiandika ubaoni tu, na vitabu hivi vilikuwa hapa hatua chache kutoka shuleni kwetu, vimefungiwa kwa sababu ya heshima. Mama mkubwa naye akarudisha mwili. Alikuwa yuko barazani kabla yetu, amekwisha kufagia, anatuuliza leo tunaanza na nani, wenye mabawa au wenye miguu.

Tukamaliza. Fundi akapiga picha upya, akatuma. Jumapili ibada ilipokwisha, wazee walibaki kanisani, na waumini hawakuondoka, walijipanga madirishani kusikiliza. Mama mkubwa alikaa kiti chake cha mbele, kanga mpya, mkono umeshika pindo lenye ufunguo. Nilikaa karibu naye nikasikia anavyohema.

Fundi akasoma majibu. Matumbo sasa ni meupe. Kurasa zimepokelewa, zinasomeka vizuri, na maktaba inaomba kazi iendelee mpaka kitabu cha mwisho. Wakaongeza, kwa adabu, kwamba salfa huozesha karatasi polepole, kwa hiyo tusiitumie tena. Mama mkubwa akatikisa kichwa kuonyesha amesikia.

Mwenyekiti akasimama. Akamgeukia fundi.

"Hebu nielewe. Vikishapigwa picha vyote, hata hii stoo ikiungua moto?"

"Hakuna kitakachopotea, mzee," fundi akajibu, na uso wake ukang'aa kwa fahari ya kazi yake. "Hata vikiliwa na mchwa vyote. Vitakuwepo milele."

"Milele?"

"Milele."

Mwenyekiti akageuka kwa watu, amepata nafuu kabisa. "Basi jamani, ugomvi wa nini? Mama Stoo abaki na ufunguo wake. Hata vikiharibika, hasara iko wapi? Viti tutavipanga humohumo upande mmoja."

Vigelegele vikalia. Nikamkumbatia mama mkubwa kwa nguvu, nikapiga kelele kama niko kwenye unyago. Nilimtazama mwenyekiti kwa jeuri, nikamwonea huruma kwa kushindwa kwake. Akina mama wakamzunguka Mama Stoo wakimpa mkono, naye akawashukuru mmoja mmoja, anatabasamu, akaahidi kuwapikia.

Watu walipotawanyika nikamkuta barazani peke yake. Alikuwa ameufungua ufunguo kutoka kwenye pindo, ameuweka kiganjani, anautazama.

"Tumeshinda, mama mkubwa!"

"Ndiyo, mwanangu."

"Sasa mbona umenuna?"

Alinipisha nikae.

"Wakati ule vikipotea ni hasara, walitaka kuninyang'anya," akasema. "Leo vikipotea si hasara, ndiyo wamenipa."

Nikafungua mdomo nimwambie si hivyo. Nilitaka kumwambia vitabu ni vitabu, kompyuta ni kompyuta, mwenyekiti ni mpumbavu. Lakini mimi ndiye niliyeshangilia kuliko wote.

Mama mkubwa akanipigapiga gotini, kama anayembembeleza mtoto. Kisha akaufunga ufunguo kwenye pindo la kanga, akalikaza fundo kwa meno, akainuka kwenda kufungua madirisha ya stoo, vitabu vipate hewa.