Vifaranga Ambao Hatukuwahesabu

Samaki wetu wa gapi alizaa katika majira ya mvua, mimba yangu ikiwa imeingia mwezi wa nane. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Niliogopa matope ya njiani, niliogopa kikohozi, niliogopa hata ndoto zangu. Nilipoona wale vifaranga wa samaki, macho matupu na vimkia, wakijificha kwenye majani ya tangi la kioo, sikufurahi. Niliwaza tu kwamba hawa nao wakifa, basi nyumba hii haina bahati ya watoto.

Tangi lilikuwa limeletwa na mume wangu, mfanyakazi wa kiwanda cha majani chai, ili nipate kitu cha kutazama nikipumzika. Tulimhamishia mama yao kwenye ndoo asije akawala. Baridi ya huku kwetu Kericho haina huruma, kwa hivyo niliikagua hita ya maji kila mara. Nilichemsha yai, nikaponda kiini, nikawapa chembe ndogo ndogo kwa ncha ya kijiti. Mume wangu alinitania kwamba nimeanza kunyonyesha kabla ya wakati. Sikucheka.

Siku ya kwanza nilianza kuwahesabu kwa kidole. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye boma moja, aliushusha mkono wangu taratibu.

"Watoto hawahesabiwi," akasema. "Ukihesabu, unaita wapungue."

Alinieleza kwamba yeye hata ng'ombe wake huwa hawahesabu. Jioni huwatazama tu wakiingia, na anajua ni nani hayupo. Nilitii, maana mwenye hofu hutii kila mtu. Kila asubuhi nilichungulia, nikaona wanaogelea, nikasema wapo.

Kwa woga huohuo nilimdanganya muuguzi wa kliniki. Alikuwa ameniagiza kila siku, baada ya kula, nilalie ubavu wa kushoto nihesabu mateke ya mtoto mpaka yafike kumi. Yasipofika, nije hospitali mara moja. Kila alipouliza nilijibu kwamba anacheza vizuri. Sikuwahi kuhesabu hata moja.

Kisha asubuhi moja, mama mkwe akiwa shambani anachuma chai, niliona maji ya tangi yametibuka. Nikazima pampu ya kuchuja maji na kuifungua niioshe. Ndani, kwenye uchafu, walikuwa wamejaa vifaranga. Wengine walikuwa wamepauka rangi, wengine walikuwa wamekufa karibuni. Pampu ilikuwa ikiwavuta mmoja mmoja, na mimi kila siku nikisema wapo. Ng'ombe ana sura yake, ndiyo sababu mama mkwe humjua aliyepotea. Vifaranga wa gapi wote wana sura moja.

Nikakata soksi, nikaufunika nayo mdomo wa pampu isiwavute tena. Nikawahesabu waliobaki, kwa sauti, bila kujali. Walikuwa kumi na mmoja.

Hapo ndipo nilipojiuliza mtoto wangu alicheza lini mara ya mwisho. Jana? Juzi? Sikujua. Nilijaribu kukumbuka nikaambulia patupu. Kwake pia nilikuwa nikisema yupo, yupo.

Nilikunywa chai ya moto yenye sukari, nikalala kwenye kochi kwa ubavu wa kushoto, mkono tumboni. Kimya. Mvua ilianza kupiga mabati, nikaichukia kwa kelele zake, kana kwamba mateke husikika kwa masikio. Nilimwomba Mungu, nikamgombeza, nikamwomba tena. Nikaanza kuwaza nani atanipeleka hospitali kwenye matope yale.

Kitu kikagusa kiganja changu, kidogo tu.

"Moja," nikasema.

Nilipoinua macho, mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, kikapu cha chai mgongoni, maji yakimchuruzika. Alikuwa amenisikia. Nilingoja anikemee, kwani mimba zile mbili alizililia kuliko mimi. Aliitazama pampu iliyofunguliwa mezani na vifaranga waliokufa, akanitazama mimi. Akatua kikapu, akapangusa mikono kwenye leso yake, akaketi sakafuni karibu nami na kuuweka mkono wake, baridi kama mawe ya mto, kando ya wangu.

Tulingoja.

"Mbili," akasema.