Hiltje na Nafasi Iliyowekewa Mkoba

Jirani yangu Hiltje Wiarda anakamata panya. Siyo hawa wa ghalani, jamani. Nasema wale wakubwa wa majini, wanaotoboa tuta la mfereji kimyakimya kama mtu anayekula mkate kuanzia ndani. Hapa kwetu Frisia, nchi iliyo chini ya usawa wa bahari, maji ya mfereji yako juu kuliko jiko lako, kwa hiyo tuta likitoboka, kijiji kizima kinajaa kama bakuli.

Alipokuwa na miaka kumi na tisa, siku moja wakimenya viazi, alimwambia mama yake, Renske, kwamba hamwamini Mungu tena. Mama hakupiga kelele. Alimaliza kiazi chake, akakitumbukiza majini, akauliza, "Sasa utaishi kwa ajili ya nini?"

Hiltje alitafuta jibu mjini, akalitafuta vitabuni, akarudi mikono mitupu. Kisha ofisi ya maji ikamwajiri. Wiki ya pili alikuta shimo la panya kwenye tuta nyuma ya nyumba ya mjane mmoja aliyekuwa akianika nguo huku akiimba, hana habari. Akalifukia. Mjane akaendelea kuimba.

"Hapo hapo nikajua," aliniambia. "Hakuna aliyenituma kutoka juu wala anayeniangalia, na bado nataka yule mama aanike nguo zake."

Imepita miaka thelathini na moja, na sijamwona akiyumba.

Sasa, Renske alipokaribia kutimiza miaka tisini, siku yake ya kuzaliwa iliangukia Jumapili. Aliulizwa anataka zawadi gani. "Hiltje akae karibu yangu kanisani. Mara moja tu." Hiltje akakubali. Dada yake Minke, mtu wa kanisa hasa, alimnunulia hata viatu.

Mvua ilikuwa imenyesha siku tisa. Asubuhi ile Hiltje alipita juu ya tuta akiwa amevaa sketi yake nyeusi. Kengele ya kwanza ilikuwa imeshalia alipoona, chini ya tuta, maji yakibubujika nyasini. Maji safi yakivuja hapo si neno. Haya yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa: yalikuwa yanabeba tuta lenyewe.

Mimi na Douwe, mfugaji, tulikuwa tunapita kuelekea kanisani tukamkuta amepiga magoti matopeni.

"Douwe, lete trekta. Magunia ya mchanga yako kwenye banda la ofisi."

"Leo Jumapili, Hiltje. Si siku ya kazi."

"Ng'ombe umewakamua leo?"

"Nimewakamua, ndiyo."

"Kwa nini?"

Douwe alimtazama, akatazama maji, akavua koti lake la kanisani na kunikabidhi kama mtoto mchanga. Nafikiri trekta ile haikuwahi kusikika Jumapili tangu inunuliwe.

Mahali pa namna ile hupazibi, maana maji yatatokea kwingine. Unapazungushia magunia kama kisima, maji yapande humo ndani mpaka yachoke kusukuma. Kengele ya mwisho ililia tukiwa kwenye gunia la kumi. Hiltje alinyanyua kichwa, akasikiliza hadi iliponyamaza, kisha akasema, "Jingine."

Ibada ilipoisha, maji ndani ya mzingo yalikuwa yametulia na kuwa safi. Minke alikuja juu ya tuta akimsukuma mama kwenye kiti cha magurudumu, uso wake umeiva kwa hasira, waumini wote wakifuata nyuma.

"Hata leo, Hiltje! Siku moja tu uliyoombwa! Mama kaweka mkoba wake kwenye nafasi yako, kila anayekuja anaambiwa pana mtu!"

Mama aliinua mkono, Minke akanyamaza.

"Shimo lilikuwa kubwa?" mama akauliza.

"Kama ngumi, mama."

"Maji yangefika kwangu?"

"Jikoni. Kabla ya mchungaji kusema amina."

Renske aliyatazama magunia kwa muda, jinsi ambavyo hutazama kazi ya mwanamke mwingine kabla ya kuisifu. Kisha akafungua mkoba, akatoa leso, na ndani ya leso peremende moja. Kwetu peremende hupitishwa benchi kwa benchi mahubiri yanapoanza. Asiyekuwepo hana fungu.

"Nilikuchukulia yako."

Hiltje alionyesha mikono, tope mpaka viwikoni. "Basi fungua mdomo," mama akasema, akamlisha palepale, mwanamke wa miaka hamsini na minane, mbele ya kanisa zima.

"Jumapili ijayo nitakuja," Hiltje alisema, peremende shavuni. "Ila ni kukaa tu, mama. Kuamini siwezi kukudanganya."

"Kuamini naamini mwenyewe, mwanangu. Kukaa peke yangu ndiko kunakonishinda."

Akaja kweli. Alikaa wima, akala peremende yake, na mahubiri yote macho yake yalikuwa dirishani, yanapima maji.