Mama Mkwe Alivyoitafuta Kura Yake

Mimi ni Mmakua wa Masasi, mtoto wa watu wa misheni, na nilipooa Newala nilihamia kwao mke wangu, kama desturi ya huku ilivyo. Shemeji zangu walinitania kila siku kwamba jembe silijui, ninachojua ni kuimba kanisani. Wacha waseme! Nilikuwa na kazi ya ualimu, mke mzuri, na nyumba iliyotazamana na ua wa mama mkwe, mtu ambaye sikuwa nimemtazama usoni hata siku moja. Mkwe humtazami, husemi naye, huli naye, na mkikutana njiani mmoja huingia porini. Aliyeingia porini kila mara ni mimi, maana mama yule hakuwa mtu wa kupisha.

Siku hizo Mwingereza alikuwa amekwisha kukubali tuchague wajumbe wa baraza la nchi. Uchaguzi wa kwanza kura ilikuwa ya wenye kisomo kirefu, kipato kinono au cheo, na hao huku kwetu wangeenea wote kwenye darasa langu na madawati yakabaki. Uchaguzi wa pili sharti likalegezwa: hata anayejua kusoma Kiswahili tu aje aandikishwe. Lo, wenzangu wa chama walivyovimba! Mikutano ilijaa, makofi yakalia, na katibu wetu wa tawi, fundi cherehani mwenye sauti ya kengele, akatangaza kwamba ushindi tunao mfukoni.

"Fundi," nikamwambia, "wewe ndiye wa kukata kanzu mtoto yungali tumboni? Hao vijana wanaokupigia makofi, siku ya kura watakuwa wapi?"

Alijua watakuwa wapi. Vijana walikuwa wakishuka kwenda kukata mkonge, na wengine hawakurudi. Waliobaki huku juu mlimani ni wanawake na wazee, na wanawake wengi hawakujua a wala be. Mpinzani wetu, tajiri mwenye duka na lori, alilijua hilo kutushinda. Makarani wake, majumbe na jamaa zao walikuwa wasomaji wote. Akitukuta barabarani alitupungia mkono huku anacheka, na mimi kicheko kile kilinikera kweli kweli.

Basi jioni moja mke wangu akaniletea ujumbe. "Mama anasema umfundishe kusoma. Anataka kura."

"Ya nini?"

"Anasema mwenye duka amempunja korosho kwenye mizani tangu marehemu baba yuko hai. Anataka siku moja na yeye amnyime kitu, kwa mkono wake mwenyewe."

Nilicheka, lakini nilifurahi pia. Nikafungua darasa la wanawake alasiri, wakisharudi kuteka maji bondeni. Mama mkwe aliketi nje, nyuma ya ukuta wa darasa, na mke wangu akawa anampelekea kibao cha herufi na kukirudisha. Nikiuliza swali, jibu lilitoka nje kabla walio ndani hawajafungua kinywa. "Hao wa humo wamelala?" alimwuliza binti yake, kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni. Nilijiuma mdomo nisicheke, maana mkwe hachekwi.

Siku ya kuandikisha ikafika. Bwana Shauri, msaidizi wa mkuu wa wilaya, aliweka meza barazani, akaniambia mimi mwalimu niketi pale, kila mtu anisomee karatasi, yeye Bwana Shauri akisikia. Nikaketi na kiburi changu. Masikini mimi! Tulikuwa tumehangaika na herufi zote, lakini hakuna kati yetu aliyewaza atakayemsikiliza mama ni nani. Nikasikia kikohozi cha mke wangu kwenye foleni, nikainamisha macho, na mbele ya meza nikaona miguu ya mama mkwe.

Karani wa tajiri, aliyesimama pembeni kuangalia nani anaandikishwa, akasema kwa raha, "Huyo arudi nyumbani, ana haya." Nikainuka niondoke ili mama asome, lakini Bwana Shauri akaniamuru niketi, kazi iendelee. Nilijua kwamba akiondoka sasa kura yake imekwenda.

Hakuondoka. Alimwagiza binti yake aichukue karatasi mezani, akanipa mgongo, akawaelekea watu, na akasoma. Lilikuwa tangazo la kupalilia mikorosho. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, akakwama kwenye neno moja refu, akalirudia mpaka likakubali.

"Kwa nini amekupa mgongo?" Bwana Shauri akaniuliza.

"Ni heshima, Bwana. Ni mkwe wangu."

Akamchagulia karatasi nyingine, asije akawa amekariri. Mama akaisoma vilevile, mgongo kwangu. "Mwandike," akasema Bwana Shauri, na wanawake wakapiga vigelegele.

Kwa kuwa alisoma amewaelekea wao, walimwona kila mmoja, kinywa na kidole. Tangu hapo darasa likafurika, hata wa kijiji cha Mnyambe wakaja, na vibao havikutosha. Siku zote za kuandikisha zilizobaki foleni ilikuwa ya kanga tupu. Katibu akarudia maneno yake ya mfukoni, na safari hii sikumbishia, kwa sababu sasa waliokuja mkutanoni na walioandikishwa walikuwa watu wale wale. Tajiri naye aliwaona wakipita mbele ya duka lake na vibao, na kicheko kikaisha. Siku ya kupeleka majina ya wagombea hakutokea. Mtu wetu akapita bila kupingwa, na kura huku kwetu haikupigwa.

Ngoma zikalia. Nilirudi nyumbani nina furaha tele, nikamkuta mke wangu amesimama uani kwa mama yake. Mama hakuwa amegusa chakula chake, ming'oko, vile viazi mwitu vya huku. Alikuwa ndani, kanga mpya aliyoiweka kwa ajili ya siku ya kura imekunjwa kitandani.

"Mwulize mwalimu," sauti yake ikatoka, "kura yangu iko wapi?"

Nikasahau desturi, nikamjibu mwenyewe. "Haipigwi tena, mama. Yule bwana amekimbia."

"Amemkimbia nani?"

"Amewakimbia ninyi, mama. Wewe na wenzako."

Nilidhani atafurahi, kama nilivyofurahi mimi. Kumbe analia.

"Sasa nimnyime nini mtu aliyekwisha kukimbia?" akasema. "Mwambie mwalimu, wao wameshinda. Mimi bado."

Kisha akamwita binti yake, akamwambia apashe ming'oko moto, na amwulize mwalimu kuandika tunaanza lini.