Kaseti Niliyoitoa Kanisani

Haya yalinipata kanisani kwetu Kawangware, na mpaka leo sielewi nilianza kukosea wapi.

Wafula, fundi wa redio, alishikwa akiuza pale stendi ya matatu ya 56 kaseti za kwaya yetu alizonakili mwenyewe. Tukaitwa kikaoni, naye Wafula akaletwa. Wa kwanza kusimama nilikuwa mimi.

"Huu ni wizi kama wa kuku," nikasema. "Apelekwe polisi."

Wafula akaniuliza polepole, "Mama Nekesa, nimeiba nini na kaseti zenu bado ziko?"

Swali hilo likanichanganya. Nikatoa kaseti yangu mkobani, nikamwomba mwenyekiti wa kikao aicheze kwenye redio ya kanisa, Wafula asikie jasho la wanakwaya. Wimbo ukaanza vizuri. Kwenye ubeti wa pili ikaingia sauti ya mwanamke: "Nyamazeni nyinyi watoto, narekodi hii kaseti ya Mama Atieno."

Ilikuwa sauti yangu.

Mama Atieno, tuliyeketi naye benchi moja, akanigeukia. "Kumbe yako hukununua?"

"Lakini mimi sikuuza," nikasema, nikamtazama Wafula kana kwamba atanitetea.

Mwenyekiti akazima redio. "Sasa Mama Nekesa, polisi tumpeleke nani?"