Mama Afundisha Karakana Kutumia Kibodi

Mchezo wetu ulimhusu jogoo anayekimbia juu ya mapaa ya mabati bila kuanguka. Tuliutengeneza watu wanne, katika ofisi ya orofa ya tano katikati ya jiji, na ukatoka kwanza kwenye konsoli, zile mashine za michezo zinazounganishwa na televisheni. Wachezaji waliupenda, lakini walichokipenda zaidi ni karakana: sehemu ambapo mchezaji hujijengea uwanja wake mwenyewe, akipanga nyumba, matangi ya maji na kamba za nguo anavyotaka, kisha anawaachia wengine waujaribu. Karakana hiyo niliiandika mimi, na nilikuwa naiona haina kasoro.

Wenye kompyuta wakaanza kutuandikia wakiuliza karakana yao iko wapi. Mkubwa wetu akanikabidhi kazi hiyo, nami nikaiona nyepesi. Kwenye konsoli mchezaji hushika kontrola kwa mikono miwili na kusogeza mshale kwa kidole gumba. Nikafanya kipanya cha kompyuta kisogeze mshale uleule, menyu nikaziacha zilivyokuwa, na baada ya wiki tatu nikatangaza nimemaliza.

Nilihitaji mtu wa kuijaribu ambaye hajawahi kugusa kontrola, na mtu huyo nilikuwa naye nyumbani Uthiru. Mama yangu alikuja Nairobi kutoka magharibi akiwa msichana, akasomea upigaji chapa, akawa karani wa kupiga chapa katika ofisi za serikali mpaka alipostaafu. Hadi leo hupiga chapa kwa vidole vyote kumi huku anaangalia dirishani. Tangu astaafu alikuwa akicheza karata kwenye kompyuta yangu ya zamani, akiikemea ikichelewa.

Jumapili moja baada ya kanisa nilimketisha, nikamweleza, akaanza kujenga. Kila bati lilimtaka afungue menyu, alitafute, alibebe, aliweke, kisha arudi kwenye menyu tena. Nyumba moja ilipokwisha, chai yake ilikuwa imepoa.

"Sasa niambie," alisema bila kuondoa macho kwenye kioo, "huu mkono wangu wa kushoto umekuja kufanya nini?"

Nikautazama. Ulikuwa umelala mapajani mwake. Nikaanza kumweleza habari za konsoli, akanikata kwa upole. Yeye hakupewa kontrola, alisema. Amepewa kibodi yenye vitufe zaidi ya themanini, na hakuna hata kimoja kinachomsaidia.

Niliumia, na vyombo vya siku ile niliviosha kwa kelele kidogo. Kesho yake nikawasimulia wenzangu kisa hicho kama mzaha. Hakuna aliyecheka. Mwenzetu anayetuchorea picha aliweka mkono wake wa kushoto juu ya kibodi, akauangalia kwa muda, akasema mama ana haki. Wiki nzima tukagawa vitufe: hiki kinaleta bati, hiki tangi, hiki kinageuza, hiki kinafuta.

Jumapili iliyofuata mama aliruka kama aliyefunguliwa kamba. Mkono wa kushoto ulichagua, wa kulia ukaweka. Alijenga safu ya nyumba za mtaa wa Woodley, alikopanga chumba alipoajiriwa mara ya kwanza, na kila nyumba akanitajia aliyekaa humo na alivyokuwa. Alikuwa amefika kwenye paa la mwisho kidole chake kilipoteleza. Uwanja wote ukatoweka. Kitufe cha kufuta kila kitu nilikuwa nimekiweka ubavuni mwa kile cha kugeuza.

"Mashine ikinifanyia hivi ofisini, nilikuwa nairudisha stoo," akasema, akainuka kwenda kuangalia sukuma wiki yake. Sijawahi kumwonea mtu haya namna ile.

Jioni hiyo nikamwomba aje ofisini. Alikuja Jumanne amevaa suti ya buluu aliyoagwa nayo kazini, na mkubwa wetu akampisha kwenye kiti chake. Aliweka vidole juu ya kibodi, akatueleza taratibu. Kidole cha shahada kina nguvu, kipewe kazi ya kila mara. Kidole cha mwisho ni kivivu, kisiaminiwe. Na chochote kinachoharibu kiwekwe mbali, mtu alazimike kutumia mikono miwili ndipo kifanye kazi. Kisha akauliza kama kompyuta inaweza kurudisha kilichofutwa.

Mchoraji wetu akanitazama. Jambo hilo alikuwa ameliomba tangu mwanzo, nami nikalikataa kwa sababu konsoli haikuwa na nafasi ya kutosha kukumbuka kila kilichofanywa.

"Inaweza," nikasema.

"Basi kwa nini hairudishi?"

Mkubwa wetu alituongezea mwezi mmoja.

Nilipomletea karakana mpya, mama aliijenga Woodley upya, kisha akaifuta makusudi. Akabonyeza kitufe kipya cha kurudisha, nyumba zikarudi moja moja. Akafuta tena, akarudisha tena, mara nne, na kila mara alicheka mpaka akashika mbavu. Nikacheka naye.

Tulipoitoa, wachezaji wa kompyuta walianza kutuma viwanja siku ileile. Wa mama ulikuwa miongoni mwa vya kwanza. Mchezaji mmoja akaandika kulalamika kwamba paa la tatu halirukiki. Mama alimjibu mwenyewe, barua kamili yenye salamu na kichwa cha habari kilichopigiwa mstari, akimjulisha kwamba paa litabaki lilivyo, na kwamba aanze kukimbia kutoka kwenye tangi. Siku mbili baadaye yule mtu akaandika kwamba amevuka.

Mama alinisomea ujumbe huo mara mbili. Kisha akavuta kiti, akaniuliza kama nitaweza kumtengenezea mti wa jakaranda, maana uwanja wake wa pili ulihitaji kivuli.