Mpini wa Mopu Ndani ya Mkoba wa Gofu

Nianze na ungamo, maana nikilichelewesha nitapata kisingizio cha kuliacha: miaka sita iliyopita nilichomoa mpini wa mopu kutoka kwenye mkoba wa gofu usio wangu, kwa sababu tu niliona haya kuonekana nao. Aliyeuweka humo, jirani yangu wa ghorofa ya tatu hapa mtaani Mowlem, alifariki juma lililopita baada ya kuugua kwa muda mrefu. Alikuwa kedi, yaani mtu wa kuwabebea wachezaji fimbo zao uwanjani na kuwanong'oneza watumie ipi. Nyinyi wasomaji wangu mnanijua mimi ni mtu wa nyumbani. Nikivuka barabara kwenda sokoni Umoja huwa naaga. Basi mkijiuliza mkoba wa gofu ulinifikiaje, mna haki.

Sifa ya marehemu ilikuwa kufunga mizigo. Mchezaji akiwa na safari ya kwenda kucheza Mombasa au Nanyuki, mkoba uliletwa kwake, naye akaketi mbele yake kama fundi wa saa. Alifuta kila fimbo, akaivika kichwani soksi kuukuu, akajaza taulo palipobaki wazi ili zisigongane. Viatu aliviweka chini, mipira ndani ya viatu. Mwisho kabisa alisimamisha katikati mpini wa mopu aliokuwa ameukata mwenyewe, mrefu kuliko fimbo zote. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi. Labda hata alinieleza sababu, lakini pale kwake chai ilikuwa haikawii, na mimi chai ikifika masikio hufunga kazi.

Miaka hiyo sita iliyopita alifiwa na kakake, ikambidi asafiri Kakamega siku ileile ambayo mchezaji wake, mzee ambaye yeye alikuwa amembebea fimbo kwa miaka kumi na miwili, alikuwa akienda Nanyuki kucheza. Akafunga mkoba, akanijia mlangoni. "Mwandishi, nisaidie. Kazi yako ni kukaa na mkoba kwa gari la klabu mpaka umkabidhi mzee. Usiufungue." Nikakubali kwa ushujaa, kisha nikaanza kufunga mizigo yangu ya siku mbili: mto wa kulalia, blanketi, chupa ya chai, chapati nane, ndara, na karatasi za msalani kwa kuwa sikujua za huko zikoje. Mke wangu alinitazama akauliza, "Unahama ama unatoroka?"

Kwenye ngazi nikawakuta kina mama wakifua. Mmoja akataka kujua nimebeba nini cha maana hivyo, nami kwa majivuno nikafungua zipu nimwonyeshe. Kitu cha kwanza kuchomoza kilikuwa ule mpini. "Ala, kumbe umepata kazi ya kupiga deki hoteli," akasema, na wenzake wakaangua kicheko kilichonifuata hadi ghorofani, kwani nilirudi. Nilijiambia jirani yangu, kwa msiba aliokuwa nao, amechanganya vitu vya nyumbani na vya kazi. Nikautoa mpini, nikauegemeza nyuma ya mlango wangu, na mahali pake nikatia ndara zangu. Nikajiona mtu mwenye akili.

Tulipofika Nanyuki mkoba uliponyoka kutoka juu ya gari wakati wa kushusha, ukatua kichwa chini. Fimbo ndefu kuliko zote, ile ambayo mzee aliipenda kuliko baadhi ya jamaa zake, ilikatika shingo. Kedi mwingine akachungulia ndani. "Mpini wake uko wapi? Huwa anaweka mpini mrefu, ndio upokee kishindo fimbo zibaki salama." Mimi nikautazama mlima kana kwamba ndio ulioulizwa. Mzee hakuniuliza chochote. Alimpigia simu kedi wake, pale pale mbele yetu, sauti ikiwa juu, akauliza mpini uko wapi. Upande wa pili watu walisikika wakiimba nyimbo za msiba. Kisha nikamsikia jirani yangu: "Ni mimi, mzee. Nilisahau."

Mzee hakumpa kazi tena, na wachezaji wenzake wakasikia. Mikoba ikaacha kuletwa Mowlem. Jirani yangu akabaki kwenda kusimama langoni pa uwanja kila asubuhi na wale makedi wasio na mchezaji wao, akisubiri kuitwa. Siku aliporudi kutoka mazishini alikuja kunijulia hali, akauona mpini wake. Mke wangu alikuwa ameshaufunga matambara na sakafu inang'aa. "Mopu yenu ni ndefu," akasema, akanywa chai, akaenda. Hakulitaja tena. Ila kila niliposhuka kununua maziwa aliniita kutoka juu, "Mwandishi, umefunga mizigo?" Nami nilicheka sana, jinsi mtu anavyocheka akiogopa sentensi inayofuata. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na miaka sita na nilikuwa bado natembea.

Mitaa hii yetu imejaa watu ambao kazi yao ikienda sawa hakuna anayeiona. Anayefunga mkoba vizuri hasifiwi kwa fimbo ambayo haikuvunjika. Hana cheti ukutani; cheti chake ni kusemwa vizuri na watu ambao hata nyumbani kwake hawapajui. Mimi nikikosea hapa gazetini, kesho yake kuna kona ya masahihisho. Yeye hakuwa na kona.

Juzi, watu wakiwa wamekusanyika kwake kwa matanga, mjane aliniita niandike historia ya marehemu itakayosomwa kaburini. "Andika yote, shemeji," akaniambia, "lakini ile ya Nanyuki uiruke. Mwaka mzima nilimsema juu ya kusahau kwake. Hata nilimnunulia daftari awe anaandika vitu vya kubeba. Akawa anaandika, bila kubisha."

Nikaweka kalamu chini. "Shemeji, hakusahau. Mpini niliutoa mimi."

Watu wa mlangoni wakaacha kuongea, mjane akanigeukia. "Na yeye alijua?"

"Alijua siku aliporudi."

Akajifunika uso kwa leso, mabega yakitikisika, nisijue kama ni kilio ama ni nini. "Huyo mtu," akasema. "Daftari zima, shemeji."

Nilichojifunza ni kidogo na nimekipata kwa kuchelewa. Kimya cha mtu mwema si ruhusa. Mimi nilikichukua kama msamaha, nikakitandika, nikalala juu yake miaka sita, wakati mwenzangu akiamka alfajiri kwenda kusimama langoni. Nilidhani basi kwa kumwambia mjane nimeutua mzigo, na nadhani hata nilianza kupumua. Lakini aliyekuwa ameketi karibu nami ni jirani yetu wa ghorofa ya chini, mama anayeshona sare za shule na asiyepoteza uzi wala neno. Alinitazama juu ya miwani yake.

"Sisi hapa tulimpenda hata na hiyo makosa yako. Enda uambie wale walimnyima kazi."